Cha Juu

Ukitaka kujua nani anamlaumu nani dukani, acha kusikiliza bei, sikiliza vitenzi. Muuzaji husema, "Sukari imepanda." Mnunuzi hujibu, "Mmepandisha." Mzizi ni mmoja, lakini silabi ya kutendesha imeleta mshitakiwa. Kwa muuzaji, sukari imejipandia yenyewe na yeye yuko chini anaitazama tu, sawa na sisi wengine. Kwa mnunuzi kuna mkono ulioishika ukaipeleka juu, na mkono huo uko nyuma ya kaunta. Waandishi wa habari, wasiotaka ugomvi na upande wowote, huandika "imepandishwa": mkono wanaukubali, mwenye mkono hawamtaji.

Hiyo ni safari ya kwenda juu. Inayonisumbua mimi ni safari ya kurudi, ambayo watu wameipa neno moja tu: bei imegoma. Dizeli imeshuka, bei imegoma. Dola imeshuka, bei imegoma. Mafuta ya mawese yameshuka huko yanakotoka, na lita moja ya mafuta ya kula katika duka la Likunja imegoma. Ni neno tamu, lina hasira yake, ila ukilikagua utaona limefanya kile kile alichokifanya muuzaji: limeipa bei akili na miguu. Wafanyakazi hugoma, wanafunzi hugoma, punda naye hugoma akichoka. Bei haina uwezo huo. Kuna watu walioamua jambo, pengine wengi na bila kukaa kikao, na lugha imewasitiri.

Likunja ni kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, jirani na Nachingwea. Huku wanalima ufuta, korosho, mbaazi, muhogo na mahindi. Lakini sehemu kubwa ya kinachokaa kwenye rafu za duka haikulimwa huku: sukari, mafuta ya kula, unga wa ngano, sabuni, majani ya chai. Mzigo hutoka Dar es Salaam kwa lori, ukapita Kibiti, Somanga na Nangurukuru, ukafika Mnazi Mmoja ya Lindi, ukashika njia ya Mtama hadi Nanganga, ndipo ukakata kuingia Ruangwa. Mjini Ruangwa unashushwa kwa muuzaji wa jumla. Kutoka hapo unapanda kirikuu au bodaboda mpaka kwenye duka la kijijini, na dukani unafunguliwa, unapimwa na kuuzwa robo robo. Hesabu mikono hiyo, kwa maana nitairudia.

Kulikuwa na wakati ambapo njia ya mzigo wa huku ilitaka kuwa nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga, wakitafuta mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao iliyokuwa bado inagawiwa siagi na mafuta kwa kadi. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikafyekwa. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya Mtwara, na reli ikatandikwa kutoka pwani. Mpango ukatelekezwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36, reli ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa. Leo mkulima wa Ruangwa anauza ufuta, zao ambalo karibu nusu yake ni mafuta, kwa wanunuzi wa ng'ambo, kisha anakwenda dukani kununua mafuta ya mawese yaliyovuka bahari. Simlaumu, ufuta unalipa kuliko kukamuliwa nyumbani. Ila mtu anayetafuta kejeli katika uchumi asihangaike kwenda mbali.

Sasa turudi kwenye maneno. Muulize mwenye duka kwa nini bei haijashuka na jumla imeshuka, atakujibu, "Huu ni mzigo wa zamani." Jibu ni la haki. Aliununua kwa bei ya juu, akiuza kwa bei mpya ya chini anakula mtaji. Lakini kumbuka alichosema bei ilipokuwa inapanda. Siku ile rafu zake zilikuwa zimejaa mzigo wa zamani vilevile, ulionunuliwa kwa bei nafuu, na asubuhi hiyo hiyo ukawa na bei mpya. Ukimuuliza hapo, atasema, "Nikiuza kwa bei ya zamani, mzigo mwingine nitaununua kwa nini?" Na jibu hili nalo ni la haki! Mtu anayeuza ili akanunue tena lazima atazame bei ya kesho. Tatizo ni kwamba anatumia kanuni mbili. Akipanda, anahesabu kwa bei ya mzigo ujao. Akitakiwa kushuka, anahesabu kwa bei ya mzigo uliopita. Neno "zamani" halisikiki wakati wa kupanda.

Na mzigo wa zamani hauishi upesi. Duka la kijiji haliuzi kama soko la Kariakoo. Katoni ya sabuni inaweza kukaa, na kabla haijaisha bei ya jumla inaweza kuwa imepanda tena. Mwenye duka aliyeshusha leo na kulazimika kupandisha wiki ijayo atatukanwa mara moja kwa kupandisha, na hatakumbukwa hata kidogo kwa kushusha. Kwa hiyo anasubiri aone kama punguzo "limekaa". Kusubiri huko si wizi. Kukifanywa na kila mtu katika mlolongo, hata hivyo, matokeo yake kwa mlaji hayatofautiani sana na wizi.

Wachumi wana jina la jambo hili. Mwaka 1991 Robert Bacon, akichunguza bei za petroli Uingereza, aliliita roketi na manyoya: gharama zikipanda, bei inafyatuka kama roketi, zikishuka, bei inaelea kama unyoya. Jina limesambaa dunia nzima. Kwa Kiswahili tungeweza kulichukua lilivyo, lakini Lindi tuna msufi, na msimu wake wa kupasuka unajulikana. Usufi unapeperuka, unashuka kidogo, unainuliwa tena na upepo, unatua kwenye paa la jirani. Fataki na usufi, basi. Ningefurahi kuisikia istilahi hiyo redioni, ingawa nina shaka nayo kidogo, kwa sababu usufi hatimaye hutua.

Baada ya Bacon akaja Sam Peltzman wa Chicago, ambaye mwaka 2000 alichapisha uchunguzi wa bidhaa 77 za walaji na 165 za viwandani. Katika masoko zaidi ya mawili kati ya kila matatu, bei zilipanda kwa kasi kuliko zilivyoshuka, na tofauti hiyo ilidumu miezi mitano hadi minane au zaidi. Wengi huishia hapo. Kinachonivutia mimi ni sehemu nyingine ya matokeo yake. Alipotazama kampuni moja ya maduka makubwa na gharama zake yenyewe, hakuiona tofauti hiyo. Ilionekana kwa nguvu pale ambapo badiliko la gharama linachujwa kupitia wauzaji wa jumla waliotawanyika, mikono mingi, kila mmoja na hesabu yake. Hakuandika juu ya njia ya Nangurukuru, lakini angeweza.

Kuna neno letu la mtaani linaloeleza kinachotokea katika kila mkono, na sijui kwa nini halijapewa heshima ya istilahi. Ni "cha juu". Dalali anaweka cha juu, mpeleka mzigo anaweka cha juu, mwenye duka anaweka cha juu. Tazama ujenzi wake: nomino imedondoka. Cha juu, lakini kitu gani? Kiasi? Kipande? Haijasemwa, na huo ndio ustadi wa neno. "Faida" unaweza kuidai kwenye vitabu na kuitoza kodi, lakini cha juu hakina risiti. Na wakati gharama zinashuka cha juu ndicho kinachonenepa, kimya kimya, bila mtu yeyote kutamka bei mpya. Hakuna aliyepandisha chochote. Bei imebaki ile ile; kilichobadilika ni sehemu yake inayobaki mkononi. Kila mkono ukibakiza shilingi hamsini tu kwenye kilo, nafuu iliyoanzia bandarini inakwisha kabla ya kufika Nanganga.

Nafuu zenyewe zilikuwepo. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, kipimo cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, cha bei za mafuta ya mimea duniani kilifika juu kuliko wakati wowote kilipowahi kufika. Kufikia katikati ya 2023 kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya nusu. Petroli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 3,410 kwa lita Agosti 2022, na Januari 2025 ilikuwa 2,793. Shilingi, iliyokuwa karibu 2,700 kwa dola katika 2024, iliimarika mwishoni mwa mwaka huo hadi karibu 2,400. Mtu akichukua namba hizo tatu akaenda nazo dukani Likunja, akidhani bei ni jumla ya gharama, angetarajia sikukuu. Mwenye duka angemtazama kwa huruma.

Katika namba hizo, ya petroli ina jambo la kujifunza, kwa sababu petroli yenyewe hushuka. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei zake kila mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa kanuni inayojulikana: gharama ya ununuzi, usafirishaji, kodi na tozo, na sehemu ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, vyote vimeandikwa. Bei ikitakiwa kupanda inapanda, ikitakiwa kushuka inashuka, mwenye kituo hana nafasi ya kusema mzigo wa zamani. Lakini nafuu ikitoka kwenye pampu ikaingia kwenye tangi la bodaboda, inapotelea hapo. Nauli ya buku, shilingi elfu moja, inabaki buku.

Buku yenyewe, kwa kuwa ni namba ya mviringo, ina mchango wake. Sarafu zinazozunguka kweli huku ni za 50, 100, 200 na 500. Ndogo zaidi ya hapo watoto wanazichezea. Kwa hiyo bei ya rejareja haiwezi kuteremka shilingi kumi na saba, hata mwenye duka akitaka kwa moyo wote. Inateremka hamsini au mia, la sivyo haiteremki. Gharama yake ikishuka kwa shilingi thelathini, atakaa nazo. Ikipanda kwa thelathini, ataziongeza mpaka hamsini au mia, maana hana chenji. Ngazi ni zile zile juu na chini, ila mwenye kupanda ana haraka na mwenye kushuka anasubiri apate sababu ya kushuka ngazi nzima.

Mwenye kupinga ataniambia: mbona nyanya zinashuka? Ni kweli, na hapa pana sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nenda gengeni. Fungu la nyanya ni mia tano wakati wa uhaba na ni mia tano wakati wa neema, lakini wakati wa uhaba fungu lina nyanya tatu na wakati wa neema zinafika saba, na jioni muuzaji anakuongezea ya nane bila kuombwa. Neno "fungu" limefanya kazi ambayo sarafu imeshindwa: bei imesimama, ujazo umesogea. Na umesogea pande zote mbili, juu na chini, bila mgomo. Sababu ni kwamba nyanya zinaoza. Hakuna aliyewahi kumwambia mteja "hizi ni nyanya za zamani" akitegemea kumshawishi alipe zaidi. Muuza genge hana anasa ya kusubiri. Kesho bidhaa yake ni maji. Mwenye sukari anayo anasa hiyo, kwa hiyo anaitumia.

Hila ya fungu ina upande wake mbaya kwa vitu visivyooza. Mafuta ya kupima, yale ya kuja na chupa yako, huuzwa kwa shilingi za mviringo. Gharama ikipanda kipimo kinapungua, na ikishuka, nani anakumbuka kipimo kilikuwa kikubwa kiasi gani mwaka juzi? Bei unaweza kuikumbuka kwa kuwa ina jina. Tone la mafuta halina.

Mkulima anaisikia habari hii kwa sikio jingine, kwa sababu upande wake bei hazina ugumu wowote wa kushuka. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi inazoagiza, na mbaazi za Lindi na Mtwara, ambazo msimu mmoja au miwili nyuma zilikuwa zimewapa watu mabati, zikakosa thamani kiasi kwamba wengine waliona heri ziozee shambani. Sikiliza kitenzi kinachotumika hapo: bei ya mbaazi iliporomoka. Ya mlaji hupungua, ya mkulima huporomoka. Sijawahi kusoma gazeti lililoandika kwamba bei ya sabuni imeporomoka. Mwaka 2018 ikawa zamu ya korosho. Mwaka uliotangulia minada ilikuwa imefika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wanunuzi walikuja na ofa ambazo nyingine hazikufika 2,000, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais John Magufuli akaamua serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Je, mlaji wa korosho za pakiti huko ziliko, Mumbai au London, alipata punguzo katika wiki zile ambazo mkulima wa Ruangwa alitajiwa nusu ya bei ya jana? Ukijua namna mikono ilivyo mingi kati yao, huhitaji kwenda kumuuliza.

Mkulima wa kusini ana neno lake la mkono wa katikati, nalo ni kangomba. Asili ni kipimo, chombo cha kupimia korosho ambacho siku zote kilichukua zaidi ya kilichodai kuchukua. Siku hizi kangomba ni mtu, ni biashara na ni kosa: kununua korosho kwa bei ya njaa, mara nyingi kabla ya mavuno, kutoka kwa mtu mwenye mgonjwa au ada ya shule. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho msimu wa 2007/08, uliwekwa kwa sehemu ili kuukata mkono huo. Mzigo unakwenda ghalani kupitia chama cha msingi, kisha mnadani chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI. Mfumo una makato yake na wakulima wanayalalamikia. Lakini tazama ulivyotenda kwenye lugha: siku hizi mkulima wa Likunja anaweza kukutajia bei ya juu na bei ya chini ya mnada wa wiki iliyopita. Anajua namba mbili. Oktoba 2024 minada ya kwanza ya korosho kusini ilipopita shilingi 4,000, habari ilifika vijijini siku ile ile. Mtu huyo huyo, akinunua sukari, anajua namba moja tu, ile aliyotajiwa.

Serikali nayo ina maneno yake, na yanazidi kuwa laini kadiri miaka inavyokwenda. Miaka ya 1970 neno lilikuwa "bei ya serikali". Tume ya Taifa ya Bei iliundwa mwaka 1973 ikapanga bei za bidhaa nyingi, na kilichofuata, maduka yalipokauka, ni "bei ya kuruka". Aliyeuza kwa bei ya kuruka aliitwa mlanguzi. Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, mlanguzi huyo akapandishwa cheo akawa mhujumu uchumi, na sheria ya kumshughulikia ikatungwa. Watu walikamatwa, wengine walitupa mali vichakani kwa hofu, na bidhaa hazikuongezeka. Ulanguzi ni neno ninaloliogopa kwa sababu linatafuta mtu mmoja. Lina uso. Bei inayogoma kushuka aghalabu haina uso. Ina watu kumi wa kawaida, kila mmoja na shilingi zake hamsini na sababu yake ya haki.

Leo tuna "bei elekezi" na "bei kikomo". Elekezi inatokana na kuelekeza. Inanyoosha kidole, haishiki mtu mkono. Kikomo ni ukuta, lakini ukuta wa juu una tabia ya ajabu: watu huuegemea. EWURA hueleza kila mwezi kwamba wauzaji wako huru kushindana chini ya kikomo, na pita vituo vya mafuta uone wangapi wanautumia uhuru huo. Januari 2024, sukari ilipoadimika baada ya mvua za El Nino kuvuruga viwanda, Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo, rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea eneo. Mitaani sukari ilikuwa imeshapita 4,000. Kwa wiki kadhaa kikomo kilikuwa namba ya kusomewa redioni.

Halafu kuna neno linaloudhi watu kuliko yote, mfumuko wa bei. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza 4.9 kwa mia kwa Januari 2023 na 3.0 kwa Desemba ya mwaka huo huo. Vichwa vya habari vikasema mfumuko wa bei umeshuka, na akina mama sokoni wakacheka kwa hasira. Ofisi haikudanganya, taarifa yake husema kasi, kwamba kasi ya mabadiliko ya bei imepungua. Basi lililokuwa linapanda mlima kwa mwendo wa 49 sasa linapanda kwa mwendo wa 30, lakini bado linapanda. Kosa liko kwenye nomino. Mfumuko umetoka kwenye kufumuka, na kitu kilichofumuka, mshono au kidonda, kikisemwa kimeshuka unategemea kimerudi mahali pake. Sikio la Mswahili halisikii kasi ndani ya neno hilo, linasikia hali. Kwa hiyo kila mwezi nchi nzima inasikia kwamba bei zimerudi, inakwenda dukani na kukuta hazikurudi, na inahitimisha kwamba mtu fulani anadanganya. Ningeshauri watangazaji waseme tu: bei zimepanda polepole zaidi. Haina utukufu, lakini inaeleweka Likunja.

Bado hatujafika kwa mnunuzi, ambaye ana sehemu yake katika mgomo huu. Bei inapopanda anakwenda maduka matatu akiuliza. Ikianza kuteremka haulizi, anashukuru kwamba leo haijapanda na kununua pale pale. Muuzaji anajua hilo. "Imeshazoeleka," husema, na hakuna neno zito kuliko hilo katika biashara ya rejareja. Bei iliyozoeleka haihitaji kutetewa. Uchungu wake umekwisha, hasira zimekwisha, na mwenye duka anayeiteremsha kwa hiari yake anatupa kitu alichokilipia kwa matusi ya miezi miwili.

Anachofanya badala yake ni kupunguzia. Hapa sarufi inanishangaza kila ninapoitazama. Kupanda ni kwa wote: imepanda, basi. Kushuka hupewa kiambishi cha kutendea: "Nipunguzie, shangazi." "Haya, mwanangu, kwa ajili yako." Punguzo linatolewa kwa mtu, kwa jina lake, kwa ukoo wake, kwa sababu jana alikopa akalipa. Bei iliyotamkwa inabaki juu kwa ajili ya mgeni na mwenye haya, na nafuu inagawiwa kichinichini kwa wanaojua kuomba. Neno "bei" lenyewe tulilichukua kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mauziano, na tukaendelea kusema "kupatana bei", kana kwamba kila mara inaanza upya kati ya watu wawili. Ni desturi nzuri na sitaki ife. Lakini inamaanisha kwamba gharama zinaposhuka, wa kwanza kufaidi ni wenye mdomo na wenye udugu. Mwalimu mgeni aliyehamishiwa Likunja mwezi uliopita analipa bei ya Machi 2022.

Msimu nao una la kwake. Kuanzia Oktoba fedha za mnada zinapoingia, wauzaji wanazifuata mpaka vijijini, na bidhaa zikiwa mgongoni na kwenye pikipiki. Si ajabu kwamba neno machinga, linalotumika sasa kwa wachuuzi nchi nzima, ni jina la watu wa mkoa huu. Mzigo unakuwa mwingi kuliko wakati wowote wa mwaka na bei zinakuwa juu kuliko wakati wowote wa mwaka, na mwenye kufikiri kwamba bei hutokana na gharama anabaki mdomo wazi. Hakuna gharama iliyopanda Oktoba. Mifuko ndiyo imejaa, na cha juu hukatwa kulingana na mfuko wa mnunuzi.

Ndiyo maana nalitetea neno "cha juu" kuliko yote niliyoyapitia. "Imegoma" linaificha mikono yote, "mlanguzi" linatafuta mmoja, "mfumuko" linazungumzia mwendo wa kitu kingine. Cha juu kinaulizika. Jedwali la EWURA tayari linacho, ingawa kwa jina la kiofisi, na linakionyesha kwa shilingi na senti: hiki cha mwagizaji, hiki cha mwenye kituo. Taarifa za sukari hutaja bei ya jumla na bei ya rejareja. Mafuta ya kula hayana hata hizo mbili. Ofisi ya biashara ya halmashauri ingeweza kuanza na bidhaa tatu tu, sukari, mafuta na sabuni, na ubao mmoja sokoni Ruangwa wenye safu mbili: jumla ya wiki hii, na cha juu. Mwenye duka asilazimishwe kushusha chochote. Aulizwe tu, mbele ya ubao, huu mzigo wa zamani ni wa lini.